Namna ya Kutumia Maneno ya Kanga na Taarabu Katika Mazungumzo ya Kila Siku

Mswahili hazungumzi kwa maneno yake peke yake. Ukikaa barazani nusu saa utasikia methali mbili, jina la kanga, kipande cha taarabu iliyovuma zamani na maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala, yote yamechanganyika na habari za bei ya mchele na mguu wa mjomba ambao haujapona. Anayejua kuyatumia maneno haya ya kuazima watu hupenda kuzungumza naye. Asiyejua huyatamka yaleyale na kuacha watu wamenuna, wala haelewi kosa lake liko wapi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo wa pili, na pia kwa ajili ya waliolelewa mbali na Pwani, ambao Kiswahili wanakijua vizuri lakini wakifika kwenye majina ya kanga husita kama mtu aliyeambiwa avuke mto usiku.

Nitakaa zaidi kwenye kanga na taarabu kwa sababu ndizo nilizokua nazo Tanga, na kwa sababu naamini hakuna shule ya kunukuu inayoizidi hiyo. Aliyejifunza kutamka jina la kanga pasipo kumjeruhi asiyehusika hatashindwa na maneno ya filamu, ya mtangazaji wa mpira au ya msanii wa Bongo Fleva.

Jua maneno yanamtafuta nani

Kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na kila kipande kina jina lilelile. Hapo mwanzo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja herufi za Kirumi tunazozisoma leo. Mfanyabiashara anayetajwa sana katika historia hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na ambaye kanga zake hadi leo wanunuzi huzitambua kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Majina hayo hayalingani uzito, na hapa ndipo anayeanza anapojikwaa. Yapo yaliyochukuliwa kwenye methali, kama "Wema hauozi". Yapo ya kumkumbuka Mungu, kama "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", ambalo utalikuta pia kwenye mabasi. Yapo ya mapenzi, kama "Mimi na wewe pete na kidole". Yapo yanayofuata habari za dunia: Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka kanga yenye picha yake na maneno ya pongezi, na wanawake walioivaa hawakuwa wamefika Chicago wala Washington. Kisha yapo yale ya vijembe: "Hasidi hana sababu", "Fadhila ya punda ni mateke", "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake".

Kabla hujatamka lolote katika hayo, jiulize swali moja: je, maneno haya yanamtafuta mtu? "Wema hauozi" halimtafuti yeyote. Ukilisema mbele ya watu kumi, wote kumi wataitikia kwa kichwa na mazungumzo yataendelea. "Hasidi hana sababu" linatafuta hasidi, na ukilisema mbele ya watu hao hao, kila mmoja ataanza kuangalia nani kalengwa, na yule mwenye kinyongo chake cha siri, ambaye hukuwa ukimfikiria hata kidogo, ataamini ni yeye. Kosa la wengi ni kudhani kwamba maneno yakiwa mazuri kwa sauti na kwa vina basi yanafaa popote. Uzuri wa sauti ndio unaoyafanya maneno ya kijembe yakumbukwe wiki nzima.

Ipo njia ya kuyatumia hata yale makali bila madhara, nayo ni kujielekezea mwenyewe. Chukua mfano wa jina "Usisafirie nyota ya mwenzio". Ukimwambia mtu hivyo, umemtuhumu kwamba anaishi kwa bahati ya mwingine. Lakini mkuu wako akikusifu ofisini kwa taarifa ambayo sehemu kubwa ameiandika mwenzako, ukajibu, "Ahsante, ila kazi hii ameifanya mwenzangu hapa, nisije nikasafiria nyota yake," maneno yaleyale yamegeuka kuwa adabu: umemtaja aliyestahili, na umelikataa sifa lisilo lako pasipo kujidharau. Ndivyo ilivyo pia kwa "Japo sipati, tamaa sikati". Likisemwa na anayetafuta kazi mwenyewe ni ushujaa. Likisemwa na mwenye kazi kumwambia asiye nayo linauma, hata kama nia ilikuwa kumpa moyo.

Somo la kutunza

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili nilipoona kwa mara ya kwanza mtu akigombana bila kufungua mdomo. Ilikuwa harusini, usiku, wanawake tumekaa kwenye mikeka na bibi yangu ameniegemeza begani kwake kwa kuwa nilishaanza kusinzia. Taarabu ilikuwa imeshapigwa muda mrefu, na mama mmoja aliyevaa kijani hakuwa amenyanyuka hata mara moja kwenda kumtunza mwimbaji, yaani kumzawadia fedha. Ulipofika ubeti mmoja kuhusu mtu anayekula kwa jirani kisha akamsema jirani, yule mama alisimama. Hakupita njia fupi. Alizunguka mkeka kwa mkeka, noti kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, mpaka akafika mbele ya mama mwingine, akacheza pale pale kidogo bila kumtazama, ndipo akaendelea hadi kwa mwimbaji akaiweka noti na kurudi kukaa. Bibi aliniinamia akaninong'oneza: "Umemwona? Yule ameshasema."

Kesho yake hakuna aliyeweza kumshitaki kwa neno lolote. Maneno yalikuwa ya mwimbaji, na noti ni desturi. Hiyo ndiyo nguvu ya maneno ya kuazima: yana mwenyewe mwingine, kwa hiyo anayeyatumia anaweza kufika mahali ambapo maneno yake mwenyewe yasingemfikisha. Mke anaweza kumweleza mumewe kwamba amechoka, mpangaji anaweza kumkumbusha mwenye nyumba juu ya bomba lililoharibika, na urafiki ukabaki.

Lakini nguvu hiyo hiyo humfundisha mtu kujificha, nami napingana nayo kwa moyo wote. Nimewaona watu wakirusha vijembe mwaka mzima, na wakiulizwa wanajibu, "Mimi sijasema, imesema kanga." Ukishayachukua maneno, ni yako. Kabla hujayatamka, hakikisha kwamba mtu akikuuliza, "Umenikusudia mimi?" unaweza kumjibu ndiyo au hapana ukimtazama usoni. Kama huwezi, yaache. Tafuta maneno yako mwenyewe, au nyamaza mpaka uyapate.

Mfano mzuri wa kusema kwa wimbo bila kujificha ni wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sauti yake. Mahasimu wake walimtungia maneno ya kumdhalilisha: kwamba ametoka shamba na kaniki zake, zile nguo nyeusi za watu maskini, na kwamba lau si sauti angekula nini. Jibu lake linakumbukwa mpaka leo: "Si hoja uzuri na sura jamali, kuwa mtukufu na jadi kubeli, hasara ya mtu kukosa akili." Litazame kwa makini, kwa maana lina mafunzo. Hakumtaja mtu. Hakubishana nao juu ya sura wala ukoo, bali aliviweka kando vyote viwili kwa maneno "si hoja". Kisha akataja kile anachokiona yeye kuwa hasara, na aliyesikia alijua anajibiwa nani. Ukitaka kutumia maneno ya wimbo kumjibu mtu aliyekuumiza, chagua yanayolihamisha shauri kutoka kwenye tusi kwenda kwenye jambo lenyewe, kama alivyofanya Siti.

Namna ya kuyatamka

Anza na neno lako mwenyewe, ndipo ulete la kuazima. Rafiki akikueleza kwamba ameomba mkopo na amekataliwa, usimrukie na jina la kanga kabla hajamaliza pumzi. Mwambie kwanza, "Nimekusikia, na imeniuma," umwulize atafanya nini sasa, na baadaye, akianza mwenyewe kuzungumzia kujaribu tena, ndipo useme, "Ndiyo hivyo, japo sipati tamaa sikati." Likija mapema linaonekana kama mlango unaofungwa. Likija baada ya kusikiliza linakuwa muhuri wa yale ambayo mmekwisha kuelewana.

Usilitangulizie maelezo marefu. Anayesema, "Kuna kanga moja niliiona Kariakoo, ya njano hivi, imeandikwa maneno mazuri sana, yanasema..." amelichosha kabla halijafika. Inatosha kusema "wasemavyo", "lile la kanga", au "si unajua tena", kisha maneno yenyewe, kwa sauti ya kawaida iliyopunguzwa mwendo kidogo tu.

Yaseme kama yalivyo. Majina ya kanga na beti za taarabu vimejengwa kwa vina na mizani, na mtu akiyavunja hubaki na nusu ya nguvu. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" lina meno na maneno yanayoitana. Ukisema "siogopi watu hata wakinisema", maana imebaki lakini kile kilichokuwa kikilibeba kimekwenda. Kama hulikumbuka sawasawa, ni afadhali kusema wazo hilo kwa maneno ya kawaida.

Kubadilisha kwa makusudi ni jambo jingine, na ni raha yake. Mwenzangu wa ofisini, ambaye tumekula meza moja kwa miaka mingi, huniambia, "Mimi na wewe chumvi na mchuzi." Amebadilisha "pete na kidole", ambalo ni la wapenzi na lingetuletea maneno, akaweka la jikoni. Hesabu mizani: pe-te na ki-do-le ni sita, chu-mvi na m-chu-zi ni sita. Ndiyo maana linakaa. Ukitaka kubadilisha, linda hesabu hiyo, na badilisha mahali pamoja tu ili msikilizaji aendelee kulisikia lile la asili nyuma yake. Yale yenye jina la Mungu ndani yake usiyachezee hata kidogo. Watu wanayavaa kwa imani, na hapana kicheko kinachostahili kumkwaza mtu kwenye imani yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuliacha nusu. Kiswahili kimezoea kuitika: msimulizi husema "Paukwa" akajibiwa "Pakawa", na mtoto husema "Kitendawili" akaambiwa "Tega". Methali nazo nyingi zina vipande viwili, na kumwachia mwenzako kipande cha pili ni kumkaribisha ndani ya maneno yako. Shangazi yangu alikuwa mwekaji wa upatu mtaani kwetu. Siku moja alikuja jirani kuleta mchango wake, shilingi elfu mbili badala ya elfu tano, akasimama mlangoni na zile noti zimekunjwa kwenye ncha ya kanga, hataki kuingia. Shangazi alizipokea, akazinyoosha juu ya goti moja baada ya nyingine, akaandika kwenye daftari, ndipo akasema, "Haba na haba, mama..." akanyamaza, kalamu bado iko mkononi. Yule jirani alitabasamu. "Hujaza kibaba," akajibu, akaingia, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Fikiri kama shangazi angeimaliza methali mwenyewe. Ingekuwa mawaidha, na yule mama angerudi kwake akiwa mdogo zaidi kuliko alivyokuja. Kwa kuachiwa nusu, alilitamka yeye mwenyewe neno la kumpa heshima.

Usilirudie. Jina moja katika mazungumzo mamoja linatosha, na jina lilelile kila wiki litakugeuka, kwa kuwa watu wataanza kukuita kwalo.

Mbele ya wakubwa, wakwe na waliofiwa

Shikamoo kwanza, na kuuliza hali, na kusubiri. Mkubwa akianza methali na kuiacha nusu, kuimalizia ni heshima. Bibi akisema "Mgeni njoo..." kijana anapaswa kuitika "mwenyeji apone" haraka na kwa furaha. Kinyume chake hakifai: kijana anayemwachia mkubwa nusu ya methali ni kama anayemtahini. Ukitaka kutumia maneno ya kuazima mbele ya mkubwa, mrudishie yeye umiliki wake: "Wakubwa mmetufundisha kwamba wema hauozi, ndiyo maana nimekuja." Umesema lako, na umemweka mahali pake.

Kwa wakwe, ondoa kabisa ya mapenzi na ya vijembe. Utabaki na machache, na hayo machache yanatosha.

Msibani usinukuu. Najua wapo wanaoamini kwamba ubeti mzuri hufariji, na pengine baada ya arobaini huwa hivyo, lakini siku ile "poleni" inatosha, na mkono, na kushika sufuria jikoni. Mtu aliyefiwa hana nafasi ya kupima kama maneno yako yanamtafuta yeye au la.

Kazini kuna hatari ya cheo. Maneno ya kuazima yakitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo hubeba amri ndani yake, hata yakisemwa kwa tabasamu. "Hapa kazi tu", kaulimbiu ya kampeni ya mwaka 2015, ni maneno ya kuchangamshana yakisemwa na akina mama wanaosugua masufuria ya pilau pamoja. Yakisemwa na meneja kwa mfanyakazi aliyekuja kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, ni mlango uliofungwa usoni.

Maneno ya siasa, ya mpira na ya filamu

Kaulimbiu za siasa zina upande, na zina umri. Kabla hujaitumia moja, ujue kwamba msikilizaji atasikia kwanza chama, ndipo asikie ulichokusudia. Yaliyodumu ni yale yaliyojivua chama yakawa maneno ya watu wote: wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, kati ya mwaka 1985 na 1995, neno "ruksa" lilishikamana naye hata akaitwa Mzee Ruksa, na mpaka leo mtoto akiomba kwenda kucheza unaweza kumjibu "ruksa" na neno likakaa vizuri.

Za mpira ni rahisi, mradi unajua shabiki yupi yuko mbele yako. "Daima mbele, nyuma mwiko" ni ya Yanga, "Nguvu moja" ni ya Simba, na kumwazima mpinzani wako kaulimbiu yake siku ambayo timu yake imeshinda ni njia nzuri ya kumpongeza bila kulazimika kusema mengi.

Nisipite bila kutaja "hakuna matata", maana ndiyo maneno ya Kiswahili ambayo dunia nzima inayafikiria kwanza. Yalienea kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni wa kundi la Them Mushrooms la Mombasa mwaka 1982, kisha yakapaa zaidi kwa filamu ya The Lion King mwaka 1994. Hayana kosa la lugha. Lakini Tanga au Dar es Salaam jirani akikuomba radhi kwa kuchelewesha ndoo yako, utamwambia "hamna shida" au "hamna tabu". Ukimwambia "hakuna matata" umemfanya mtalii. Yatumie kwa wageni, na kwa watoto wa ndugu waliokulia Ulaya au Marekani ambao mara nyingi hayo ndiyo wanayoanza nayo. Mtoto akiyasema, mwitikie kwa furaha, kisha umpe "hamna tabu" kama zawadi ya pili.

Kwenye simu

Maandishi hayana jicho wala sauti, kwa hiyo kila kilicho kikali huongezeka ukali. Siku hizi stetasi ya WhatsApp imekuwa kama kanga ya siku: mtu huamka na kuweka kipande cha wimbo, na kabla ya saa nne asubuhi ndugu watatu wameshaulizana kuna nini. Yale maneno yanayomtafuta mtu, ukiyaweka mahali ambapo watu mia mbili wanayaona, yatawapata wengi kuliko uliyemkusudia. Kama umekorofishana na mtu leo, usiweke wimbo wowote leo. Mpigie.

Ukiandika ujumbe kwa mtu mmoja, maneno ya kuazima yawekee neno lake la kusindikiza, hata kama ni jina lake tu, "Mama, wema hauozi," ili ajue umemkumbuka yeye na hukumtumia kilichotumwa kwa kila mtu.

Yakiharibika

Wifi yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nilikwenda sokoni nikamnunulia doti ya kanga, manjano na zambarau, yenye korosho kwenye pindo. Niliangalia rangi, nikashika kitambaa kuona kama ni kizito, nikalipa. Muuzaji aliikunja jina likiwa ndani. Siku ya arobaini niliitoa mbele ya watu, wifi akaifungua mapajani, na mtoto wa jirani aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma akaweka kidole kwenye maandishi akaanza kwa sauti: "Ha-si-di... ha-na... sa-ba-bu." Alikuwa na furaha kwamba ameweza. Mama yake wifi alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi.

Nilifanya makosa mawili palepale. Nilicheka, na nilianza kueleza habari za rangi. Kicheko kilimfanya aonekane mjinga kwa kuumia, na maelezo mbele ya watu yalimlazimisha akubali hadharani jambo ambalo hakuwa ameliamini bado. Alisema, "Ahsante, wifi," akaikunja kanga akaiweka pembeni, na kwa miezi mitatu alinijibu salamu tu.

Mama yangu ndiye aliyenielekeza, na utaratibu wake nimeufuata kila nilipokosea tangu siku hiyo. Nenda mwenyewe, bila mtu wa kukusindikiza, na bila zawadi mkononi mwanzoni. Sema kosa kwa maneno yako, mafupi, yasiyo na methali ndani yake: "Wifi, ile kanga niliinunua bila kusoma jina. Sina neno na wewe, na ningekuwa nalo ningekuja kukuambia kama nilivyokuja leo." Kisha nyamaza, umwache aseme analotaka kusema, hata kama ni refu, hata kama linaanzia mbali. Wifi yangu alianzia kwenye harusi yake.

Ndipo ikaja kanga ya pili, na hiyo tuliichagua mimi na mama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchagua nguo yoyote. Mimi nilitaka "Wagombanao ndio wapatanao". Mama alikataa: hatukugombana, na kanga ile ingetangaza kwamba tuligombana. Nikashika "Wema hauozi", akasema nikimpa hilo nitakuwa najisifu. "Mimi na wewe pete na kidole" tulilicheka wote wawili. Mwisho tukaikuta nyekundu yenye maneno "Nani kama mama", na mama akaishika akasema hii hapa, kwa sababu aliyezaa ni yeye, na maneno yakimtafuta yatamkuta na heri.

Wifi aliipokea, na kabla ya kuangalia rangi alitafuta upande wa jina, akausoma kwa kidole taratibu kama yule mtoto wa jirani. Akasema, "Karibu ndani, wifi." Ile ya kwanza ilikuwa mgongoni kwake, ameifanya mbeleko, mtoto amelala, na jina amelikunjia ndani.